Ndugu Zenu Wako Wangapi? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Kugawa, Arusha

Kwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata na mitaa, maafisa maendeleo ya jamii, wakuu wa idara, na kila aliyekabidhiwa kalamu ya kuandika jina la mtu kwenye orodha, mkoani Arusha.

YAH: UNDUGU KWENYE MILANGO MIDOGO

Ndugu zangu,

Nawaita ndugu kwa makusudi. Nimekulia katika zama ambazo neno hilo lilitangulia jina la kila mtu, kuanzia Rais hadi mfagizi wa ofisi, na barua ya serikali isiyokuwa nalo ilionekana ina kasoro. Siku hizi mnaitwa waheshimiwa, nami sina ugomvi na hilo. Ila jambo lililoninyima usingizi hadi nikashika kalamu limo ndani ya neno lile la zamani, kwa hiyo nitalitumia mpaka mwisho. Mlionizidi umri, shikamooni. Niliowafundisha, maana najua mmo, hamjambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Tanga, Ngamiani, nikapanda Arusha mwaka 1985 na barua ya kupangiwa kituo na sanduku la bati. Nimefundisha shule za msingi za mjini hapa miaka 37, nikastaafu mwaka 2022. Nimeolewa Umeru, wanangu ni wa huku, na kaburi langu litachimbwa huku. Nasema haya asije akatokea mtu wa kuuliza huyu mama katoka wapi na mambo yetu yanamhusu nini.

Nianze na kikundi chetu.

Tulikuwa wanawake kumi wa mtaa mmoja. Mtaa siutaji, wala ofisi, wala mtu, kwa sababu siandiki ili fulani afukuzwe kazi halafu aje fulani mwingine na shemeji zake. Watano walikuwa mama lishe, watatu wauza mboga na ndizi, mmoja fundi cherehani, na mimi niliyekuwa nakaribia kustaafu, nikafanywa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mwaka 2021 tuliamua kuomba mkopo wa halmashauri. Mnaijua sheria kuliko mimi: tangu marekebisho ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Tukaandika katiba, tukafungua akaunti benki, tukapiga picha za pasipoti, tukaandaa andiko la mradi: majiko, sufuria kubwa, turubai na viti vya kukodisha. Anayeishi Arusha anajua kwamba turubai halilali ndani hata wiki moja, kama si msiba ni harusi, kama si harusi ni kipaimara. Tuliomba shilingi milioni sita.

Barua ya utambulisho ya mtaa, muhuri wa kata, fomu ya maendeleo ya jamii. Kila muhuri ulikuwa na safari tatu au nne. Njoo kesho, ametoka, yuko kikaoni, karatasi hii haina tarehe. Mimi nilikuwa na mshahara, ningeweza kuvumilia. Lakini mama lishe akifunga banda siku moja kufuata muhuri, siku hiyo hajauza, na wali alioupika usiku kwa matumaini hauliwi na mtu. Tulizunguka hivyo miezi minane. Mwishoni tukaambiwa fungu limekwisha, tusubiri mwaka mwingine wa fedha. Tukakubali, maana fungu huisha kweli.

Mwaka uliofuata tulikwenda msibani mtaa wa pili. Tukakuta turubai jipya na viti vipya vya plastiki vilivyoandikwa mgongoni jina la kikundi tusichokijua. Msibani ndipo habari za mji zinapopatikana, tukauliza, tukaambiwa. Kwenye karatasi wale walikuwa wanawake kumi kama sisi. Nyumbani walikuwa ukoo mmoja: mama, mabinti wawili, wifi yao, mke wa mpwa, na wengine ambao wenyewe hawakujua kwamba wameandikwa. Mmoja wa waliokaa mezani kupitisha maombi alikuwa shemeji wa nyumba ile.

Sisemi waliiba. Turubai nimelikalia chini, na nasikia marejesho walifanya. Kinachoniuma ni kwamba pengine hakuna hata kanuni moja iliyovunjwa. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wake.

Mwenzetu mmoja, nitamwita Mama Upendo, hakuweza kusubiri mwaka mwingine wa fedha. Shule zilikuwa zinafunguliwa, sare na madaftari vinataka fedha taslimu, naye anauza wali maharage kwa bei isiyopanda hata mchele ukipanda. Akaenda kwa hawa tunaowaita kausha damu. Alichukua shilingi 300,000 ili arudishe 390,000 ndani ya mwezi. Mwezi wa pili akakopa kwingine kulipia kule. Mwezi wa tano wakaja na Kirikuu, wakabeba jokofu lake na godoro la chumba cha watoto. Sasa anazunguka alfajiri na chupa za chai stendi.

Nimefundisha Hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo niruhusuni niiweke hivi. Fedha ni ileile, mji ni uleule, biashara ni zilezile za chakula na shughuli. Mwanamke mwenye shemeji mezani, riba yake ni sifuri. Mwanamke asiye na shemeji mezani, riba yake ni shilingi 30 kwa kila 100, kila mwezi. Baada ya miaka mitatu mmoja ana turubai nne na kiwanja Muriet, mwingine hana jokofu. Halafu sisi tuliosoma tunakaa vikaoni kujadili chanzo cha umaskini wa kaya.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ikarudi mwaka 2024 na utaratibu mpya, na wapo miongoni mwenu waliofanya kazi kubwa kuuandaa. Nimeusoma. Unauliza kama kikundi kipo, kama kina akaunti, kama kitarejesha. Kikundi cha msiba ule kingejibu ndiyo mara tatu.

Ndiyo sababu nataka tulizungumze jambo ambalo fomu haziliulizi, yaani undugu.

Mji wetu una deni la pekee katika habari hii. Mwisho wa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Mnara wa Mwenge upo, makumbusho ya Azimio ipo Kaloleni, na madarasa mengi nimeyapeleka pale kwa miguu, mistari miwili, wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Siandiki kuomba Azimio lirudi. Mengi yake yamepita na wakati, na masharti yake ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Naomba tutazame sehemu moja tu. Masharti yale yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, kumiliki nyumba za kupangisha. Walioyaandika wakajiuliza swali la mtu mzima: je, akiandikisha kwa jina la mkewe? Wakaongeza kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Mlango huo waliuona wakaufunga. Wakaishia hapo.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 nayo inamtaka kiongozi atamke mali zake, za mwenzi wake, na za watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Imeongeza watoto, lakini bado imo ndani ya nyumba ileile.

Sasa niambieni, nani hapa Arusha ambaye familia yake ni mke, mume na watoto wadogo? Mume wangu ukimuuliza ndugu zake anaanza na ukoo, na mpaka afike kwa watoto wake mwenyewe chai imepoa. Kwa Waarusha na Wamaasai kuna rika, na mtu anaweza kumnyima ndugu wa tumbo moja akampa mwanarika mwenzake. Wachaga mnajua Desemba inavyoujaza ule mlima. Mimi wa Tanga, mtoto wa mama mdogo ni ndugu yangu, basi, hana jina jingine. Bado hatujahesabu wasimamizi wa ndoa, wazazi wa ubatizo, majirani wa kuzikana. Sheria imepima undugu kwa kipimo cha nyumba ya vyumba viwili, na neema za mji zinatembea kwa kipimo cha ukoo. Shemeji wa kikundi kile asingeonekana kwenye fomu yoyote hata angeijaza kwa mkono uliowekwa juu ya msahafu.

Wala siulaumu undugu wenyewe. Ningekuwa mwizi wa fadhila. Nilipofika hapa sina mtu, familia ya mwalimu mwenzangu, mama wa Poli, ilinipokea miezi sita bila kunidai hata chumvi. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki mwaka 1951, walichanga, maskini kwa tajiri, hadi Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akasimama mbele ya dunia kuitetea ardhi yao. Undugu ni kufaana, si kufanana, na ule ulikuwa kufaana kwa kutoa cha mfukoni. Ninachokiandikia ni kile cha kufaana kwa kutoa kisichokuwa chako.

Tulikariri ahadi za TANU shuleni. Ya kwanza ilikuwa binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Kisha ikaja ile ya cheo: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Nimeisema ahadi hiyo mamia ya mara na nimeisikiliza nikiwa mtu mzima sana. Wala cha mtu mwingine. Maneno manne haya hayamhusu mkubwa mwenye ofisi. Yanamhusu aliye nje ya ofisi, anayeijua namba ya simu ya mwenye ofisi. Yananihusu mimi.

Kwa sababu nami nimewahi. Mwaka 2014 mama yangu aliletwa kutoka Tanga hajiwezi. Tulifika hospitali, siitaji, tukakuta benchi zimejaa hadi kwenye ngazi. Binamu wa mume wangu alikuwa akifanya kazi pale. Nilipiga simu moja. Baada ya robo saa mlango ukafunguliwa, jina la mama likaitwa. Mwisho wa benchi lile alikaa bibi wa Kimaasai aliyetoka Longido, alikuwa ameniambia kwamba wamefika saa kumi usiku na mjukuu wake. Tulimpita. Alinitazama, akasogeza miguu ili kiti cha magurudumu kipite.

Siku ile sikuona nimefanya baya. Nilimshukuru Mungu na nikamshukuru binamu, nikampelekea na samaki wa kukaanga. Ilipita miaka, nikakaa mimi kwenye benchi la ofisi nyingine kufuatilia mafao, nikaona watu wakipita mbele yangu na kuitwa kwa majina, ndipo miguu ya yule bibi ikanijia. Aliyepitishwa hamuoni aliyerukwa. Anamuona mama yake tu. Ndiyo maana barua hii haiwaombi mbadilishe mioyo. Moyo wangu ulikuwa mzuri kabisa asubuhi ile na bibi wa watu alibaki kwenye benchi. Naomba utaratibu.

Mtaniambia utaratibu upo, na kwa milango mikubwa nakubali. Ajira za serikali sasa zinapitia Sekretarieti ya Ajira: mtu anaomba kwa mtandao, anafanya mtihani wa mchujo, anaitwa. Hata walimu, ambao zamani tulipangiwa tu, siku hizi wanafanyiwa usaili. Kimemo cha mkubwa hakina nguvu ile niliyoiona miaka ya tisini, mtoto anakuja na kikaratasi kilichokunjwa mara nne na mlango unafunguka. Hongera kwa hilo, bila kinyongo.

Lakini undugu haukufa, ulihamia milango midogo. Kizimba sokoni. Kibarua cha miezi mitatu. Kazi ya mkataba ya kukusanya ushuru na mashine ya mkononi. Ukarani wa siku chache yanapokuja mambo ya sensa au uchaguzi. Nafasi ya fildi kwa mwanafunzi wa chuo. Jina kwenye orodha ya vikundi. Hakuna gazeti litakaloandika kuhusu kizimba kimoja Kilombero, na Bunge halitauliza swali kwa ajili ya kibarua. Mnaogawa mnaviona ni vitu vidogo, na mtu akimpa mpwa wake anajiambia ni kitu kidogo tu. Kwa asiyekuwa na kitu, huo mdogo ndio mlango wenyewe. Mlango mkubwa hajawahi kuufikia hata aone kama umefungwa.

Nimeujua mlango mdogo nikiwa na miaka saba. Baba yangu alikuwa kuli Tanga. Meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa ufukoni kwa matishari, na kila alfajiri wanaume walisimama getini wakingoja mnyapara achague. Alianza na watoto wa dada zake, akaja kwa wakwe, akaja kwa waliotoka kijiji chake. Baba alikuwa mtu wa Handeni, hakuwa na mnyapara wa kwao. Aliporudi saa mbili asubuhi na kikapu kitupu tulijua leo ni uji. Jioni alitupeleka Raskazone kupunga upepo, tukapita mbele ya majumba yenye veranda, bahari ikiwa ileile moja kwa wote. Alikuwa na mgongo wa kubeba gunia mbili. Nguvu hazikumsaidia kitu, maana kule getini hazikuulizwa.

Nimeona jambo lilelile likiwafika watoto niliowafundisha, hapa, mbali na bahari. Mmoja alitoka Unga Limited, mama yake akifua nguo za watu. Katika miaka yote 37 sijapata kichwa cha Hesabu kama kile, alinisahihisha ubaoni akiwa darasa la sita, kwa adabu, kwa kunyoosha kidole. Alisoma kwa mikopo na michango hadi akapata stashahada ya uhasibu. Chuoni walitakiwa kutafuta wenyewe nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Alipeleka barua ofisi kumi na moja. Wenzake waliotoka Njiro na Sakina walipigiwa simu na mashangazi kwamba waje Jumatatu. Yeye akaishia kwenye stoo ya duka la vipuri akihesabu maboksi. Baada ya chuo akaambiwa ajitolee kwanza ili apate uzoefu. Akajitolea miezi mitano bila nauli, akitembea kutoka Daraja Mbili, hadi viatu vikaisha na mama yake akaugua. Leo ni bodaboda wa mkataba, jirani na soko. Kila jioni anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku, shilingi elfu kumi. Neno lilelile, hesabu. Ananiita Mwalimu, ananipeleka nyumbani, nauli hataki kupokea, na mimi nashindwa kuzungumza naye njia nzima.

Kujitolea huku mnakokusifu kwenye hotuba nawaomba mkutazame upya. Anayeweza kufanya kazi bure mwaka mzima ni yule anayelishwa na mtu. Kwa hiyo tunaposema tutampa nafasi aliyejitolea, mara nyingi tunasema tutampa nafasi mwenye baba, japo hatukukusudia hivyo. Mpeni nauli na chakula cha mchana kila anayejitolea katika ofisi ya umma, ndipo mtajua nani ana moyo na nani ana ndugu.

Sasa ombi langu lenyewe.

Wekeni daftari la undugu. Kila kamati inayogawa chochote, mkopo, kizimba, kibarua, nafasi ya fildi, kabla ya kufungua orodha ya waombaji, kila mjumbe aandike kwa mkono wake: katika hawa, ndugu zangu ni fulani na fulani. Na ndugu hapa awe ndugu wetu wa kweli, kwa kipimo chetu. Mtoto wa mama mdogo, wifi, shemeji, mkwe, mwanarika, niliyemsimamia ndoa. Akishaandika, atoke nje mpaka majina hayo yajadiliwe. Najua diwani tayari anatakiwa kusema kama ana maslahi katika jambo lililo mbele ya kikao. Daftari linaongeza watu wa kwenye maslahi hayo, na linawafikia wajumbe wote hadi ngazi ya mtaa.

Nimeyasikia majibu, maana nimeshalisema jambo hili kwenye mkutano wa mtaa. Mmoja alisema mji huu kila mtu ni ndugu wa kila mtu, tutabaki na nani chumbani? Kama itafika siku wajumbe wote wametoka, basi hiyo ni habari muhimu kuliko orodha yenyewe, na kata jirani inaweza kuja kugawa. Mwingine aliuliza kwa uchungu, na alikuwa na haki: ndugu wa kiongozi si raia? Asile? Ale. Aombe kama wengine, apewe kama anastahili, hata awe wa kwanza kwenye orodha. Ninachoomba ni kwamba aliyemshika mkono utotoni asiwe ndiye anayeshika kalamu siku hiyo. Hilo linamlinda hata yeye. Wapo vijana wenye uwezo mjini hapa wanaotembea na fedheha ya kusemwa kwamba walibebwa, na hakuna karatasi ya kuwatetea.

La pili, orodha zibandikwe. Ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa una tangazo la chanjo la miaka miwili iliyopita, nafasi ipo. Bandikeni walioomba na waliopata, kiasi walichopata, siku 14 kabla fedha haijatoka, ili jirani aseme hawa kumi ni nyumba moja. Hakuna mkaguzi anayemjua mke wa mpwa wa mtu. Jirani anamjua.

La tatu ni dogo. Vizimba na vibarua ambavyo kila mwombaji anavifaa, vigawiwe kwa kura ya karatasi zilizokunjwa, uwanjani, mchana, mtoto wa shule achote.

Nimeharakisha kuandika kwa sababu mwaka 2027 mashindano ya AFCON yanakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na sisi tuna uwanja mpya wa watu 30,000 kule Olmoti. Patakuwa na wapishi, wasafishaji, walinzi, waongoza wageni, wauza maji na kofia. Majina yataandikwa mahali fulani, na mtu fulani. Ukitembea Ngarenaro jioni utawakuta vijana wanaozungumza habari za kazi hizo kama vile tayari zina wenyewe. Hawana hasira hata. Wanauliza tu nani anamjua nani. Kijana wa miaka ishirini akishaamini kwamba swali la maisha ni hilo, sisi tuliomfundisha jedwali la kuzidisha tulimfundisha nini?

Kuna mmoja wenu atakayesoma hapa akajijua. Dada yangu, au kaka yangu, sikukuandikia kwa fitina. Hata ile ahadi ya kusema kweli daima na fitina kuwa mwiko niliikariri, nayo naishika bado. Najua shinikizo unalopata. Najua mama yako alikupigia simu akakuuliza, umekaa huko miaka yote hii na mdogo wako bado anazurura, cheo hicho cha nini? Najua utaitwa mchoyo kwenye kikao cha ukoo. Daftari ndilo litakalokutetea mbele ya mama yako. Utamwambia, nilimwandika, mama, nikatoka nje, ndiyo sheria.

Kikundi chetu kimebaki na wanawake saba. Mmoja amefariki, mmoja amerudi Babati, mmoja amekata tamaa. Tumeamua kuomba tena, mradi uleule wa turubai na majiko, na Jumatatu asubuhi nitapeleka fomu mwenyewe, pamoja na nakala ya barua hii na daftari jipya la kurasa 200 nililolinunua kwa fedha yangu, kama ofisi itakosa fungu la kununulia. Juu yake nimeandika UNDUGU, kwa herufi kubwa. Mama Upendo ndiye aliyekata tamaa. Jina lake bado lipo kwenye fomu, mstari wa nane. Nimeliandika kwa penseli.

Wenu,

Mwalimu mstaafu,
Arusha